Lesi ya wigi la rasta inabeba mzigo: mawigi yangu matatu hapa Mbeya

Mwenye duka la mchele pale Mwanjelwa alikuwa ndiyo kwanza amemfungia mteja kilo tano za mchele wa Kyela nilipomwomba anipimie wigi. Akafuta mzani kwa kitambaa, akasema, "Haya mama, weka." Nikazikunja rasta ndani ya kofia yake, nikaliweka. Gramu 860. Akaguna. "Yote hii unashinda nayo kichwani?"

Nilishinda nayo miezi minne. Mwezi wa nne lesi, ule wavu mwembamba unaoshikilia rasta na kuonekana kama ngozi, ilikuwa imechanika sehemu tatu, na panja la kushoto limejaa vipele. Wigi hilo lilinigharimu shilingi 320,000, na kilichonifanya nitoe hela ni maneno mawili ya muuzaji: "Ni HD," yaani ile lesi nyembamba kabisa. Hata kazini, mtu akinishika rasta, swali la kwanza ni nimenunua wapi, la pili ni kama ni HD. Kwa wigi la nywele za kuachia, sawa, uliza. Kwa wigi la rasta swali hilo linakuja mapema mno. Ulizia kwanza rasta zina gramu ngapi, halafu ulizia ni kitambaa gani kinazibeba.

Mimi nafanya kazi kwenye tanuri la mikate maeneo ya Soweto, hapahapa Mbeya. Naingia saa kumi alfajiri, natoka saa nane mchana, na sharti la kazi ni nywele zibanwe juu kisha zifunikwe kofia nyeupe. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mtu wa rasta, na nilizipenda zile za kubana kwelikweli, ambazo usiku wa kwanza unalala kifudifudi na asubuhi nyusi zinagoma kushuka. Miaka kumi na tano ya kuvutwa hivyo ikaondoka na nywele za panja zote mbili, ikaniachia ngozi inayong'aa upana wa vidole viwili kila upande. Daktari wa ngozi aliniambia shina la nywele likivutwa mwaka nenda mwaka rudi linachoka, na likishaingia kovu halioti tena. Palipobaki uhai, alisema, tiba ya kwanza ni kuacha kuvuta. Ndipo nikahamia kwenye mawigi. Nywele zangu zinasukwa chini laini, bila kukazwa, wigi linakaa juu, jioni nalivua na kichwa kinapumua.

Wigi la kwanza lilikuwa la kloja, yaani kipande cha mraba cha lesi juu ya paji la uso, inchi 4 kwa 4. Niliagiza kwa muuzaji wa Dar es Salaam kwa simu, shilingi 95,000 pamoja na nauli ya basi. Kifurushi kikasafiri zaidi ya kilomita 800, nikakipokea stendi kimefungwa vizuri, hilo nampa. Lakini pichani dada aliyelivaa alikuwa amezilaza rasta zote nyuma, paji la uso wazi, masikio wazi. Mimi nilipolifungua nikakuta lesi ni kipande kidogo kuliko kiganja changu. Inchi 4 ni kama sentimita 10 tu. Ndani ya mraba huo wa sentimita 10 kwa 10, juu ya paji la uso, ndimo njia zinamoonekana kama zimechanwa kwenye ngozi. Pengine pote ni kofia ya wavu mweusi yenye mistari ya cherehani, na rasta zimeshonewa kwenye mistari hiyo.

Nilijaribu kulibana kama kazi inavyotaka, kwenye panja ukingo wa kofia ukatokeza kama pindo la gauni. Nikampigia muuzaji. "Mpenzi, hiyo ni ya kuachia, siyo ya kubana," akanijibu. Alikuwa sahihi, ila maelezo hayo nilistahili kuyasikia kabla sijatuma hela, na ile picha haikuwa ya wigi aliloniuzia.

Pamoja na hayo sitaisema vibaya kloja yenyewe. Nilimpa mdogo wangu aliyeolewa Makambako, yeye ni mtu wa njia ya katikati na rasta kumwagika mabegani, na mpaka leo analivaa, halijachanika popote. Sababu ni kwamba mzigo karibu wote unabebwa na kofia na nyuzi za cherehani, lesi inabeba rasta chache za mbele tu. Kama na wewe huvai ila kwa kuachia, chukua kloja, ya 5 kwa 5 au 6 kwa 6 ukitaka njia iende nyuma zaidi, na hela inayobaki ununue kitu kingine.

Sasa hilo la gramu 860.

Baada ya kuungua kwenye kloja nikakimbilia upande wa pili kabisa: fulu lesi, kofia nzima ni lesi kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, na lesi yenyewe HD. Nililinunua dukani, hapahapa mjini, nikalijaribu mbele ya kioo. Niseme ukweli, siku ile nilitokwa machozi. Nilikuwa sijaona paji langu la uso likiwa na nywele kwa karibu miaka miwili. Lesi ilipotea kwenye ngozi. Dada wa dukani akanichora malaika za mbele kwa mswaki na povu la nywele, nikatoka pale natembea polepole ili watu wanione.

HD ni lesi nyembamba kuliko zote, na wembamba huo ndio uzuri wake. Imetengenezwa kwa ajili ya nywele za kuachia, ambazo unywele mmoja au miwili inafungwa kwenye tundu moja la wavu, kwa hiyo uzito unagawanyika kila mahali sawasawa. Rasta haifanyi hivyo. Rasta moja inakusanya nyuzi nyingi, inazifunga pamoja, na yote inaning'inia kutoka kwenye kijisehemu kidogo cha wavu. Zangu zilikuwa za inchi 36, zinafika chini ya kiuno. Ukikaa kwenye kiti ukaziegemea bila kujua, kisha ukainuka, uzito wote na mvuto wote unaenda kwenye vifundo vya mbele.

Niliona kwa macho yangu jinsi inavyokufa. Wiki ya sita hivi, nikiwa nimelivika kwenye kichwa cha plastiki, nikashika rasta moja ya mbele kwa vidole viwili nikaivuta kidogo juu. Lesi ikainuka nayo kama hema dogo, na chini ya hilo hema matundu ya wavu, yaliyokuwa duara, yalikuwa yamekuwa marefu, kama kitambaa cha soksi pale kisigino kinapoanza kutoboka. Nilipoachia, hema halikurudi chini lote. Wiki mbili baadaye palepale pakachanika.

Halafu kuna gundi. Fulu lesi nyembamba hivyo haikai yenyewe, unaibandika ukingo wote. Gundi inashika lesi chini, rasta zinaivuta nyuma, na kinachoumia ni lesi iliyo katikati. Juu ya hapo fikiria mwezi wa 6 hapa kwetu, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, saa tisa usiku, baridi ambayo ukipumua unaona pumzi yako. Gundi ya maji inatakiwa ipakwe nyeupe, usubiri ikauke iwe kama kioo, ndipo upake tabaka la pili. Kwenye joto la Dar es Salaam inachukua dakika chache. Chumbani kwangu nilikuwa nasimama mbele ya kioo na kipepeo cha mkaa mkononi, napepea paji la uso, nusu saa inakatika na gundi bado nyeupe. Nikianza kuharakisha, inashika vibaya. Nikifika kazini, tanuri likifunguliwa, jasho.

Kilichonimaliza ni harusi ya binamu yangu Kyela. Tuliondoka Uyole na masweta, Tukuyu tukakuta ukungu na manyunyu kama kawaida yake, halafu gari likaanza kuteremka kuelekea ziwani na masweta yakavuliwa moja baada ya jingine. Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Ni mwendo wa asubuhi moja tu, lakini ngozi inahamia nchi nyingine. Wakati wa kumtoa bibi harusi nilihisi kitu kinateleza juu ya nyusi. Nikagusa, gundi ilikuwa imelainika, imerudi kuwa nyeupe, utelezi kama uji. Shangazi yangu aliniona, hakusema neno. Akanivuta nyuma ya turubai, akavua kitenge alichojifunga begani, akanipiga kilemba. Nilikaa na kilemba hicho mpaka usiku wa manane. Nilipolivua wigi, lesi ya panja la kushoto ilibaki na mpasuko wa tatu, na vipele hivyo nilivyosema.

Nilirudi dukani nikiwa na wigi kwenye mfuko. Walinisikiliza kwa heshima, hela hawakurudisha. Waliniambia HD ndiyo ilivyo, ni ya kushika kama yai. Nakubali ndivyo ilivyo. Ila anayeuza rasta za inchi 36 kwenye lesi ya kushika kama yai anajua inaelekea wapi, na hakuniambia.

Wigi la tatu ndilo nililolivaa ninapoandika. Limetengenezwa na fundi mmoja, binti mdogo kwangu, ana chumba kimoja Mwanjelwa nyuma ya maduka ya vitambaa. Nilimfuata kwa sababu nilimwona mama wa ghala la unga amevaa kazi yake mwaka mzima, na wigi bado limesimama.

Kabla hajanitajia bei aliniuliza maswali ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza. "Mama, kazi unafanya kazi gani? Unabana au unaachia? Unapanda bodaboda?" Nikamjibu tanuri, nabana juu, bodaboda kila alfajiri. Akaniambia nisitoe hela kwa fulu lesi. Nilishangaa, maana ndiyo ghali zaidi na ndiyo ambayo ingempa faida kubwa. Akachukua kofia mbili akazigeuza ndani nje, akaniwekea mapajani.

"Ukibana juu," akasema, "watu wanaona nini? Wanaona ukingo. Mbele, kando, kisogoni. Utosini pamefunikwa na fundo la rasta zenyewe. Sasa lesi ya utosini unamlipia nani?"

Alichonipendekezea kinaitwa 360. Lesi inazunguka kichwa kizima kama mkanda, upana wa inchi 4 hivi, na katikati, utosini, ni kofia ya kitambaa cha kuvutika ambacho kina nguvu. Rasta za katikati, ambazo ndizo nyingi, zinashonewa kwenye kitambaa. Za ukingoni peke yake ndizo zinakaa kwenye lesi. Nikibana juu naonekana nimesukwa kutoka kwenye ngozi yangu pande zote, hata kisogoni na kwenye panja, ambako kloja iliniaibisha. Nikiachia, njia za mbele zinaonekana vizuri, za utosini hazionekani, na sijaona mtu akinisimamia kichwani kuzitafuta.

Nilimuuliza kuhusu frontali, maana rafiki zangu wengi wanavaa hiyo, 13 kwa 4: lesi ya mbele, inchi 13 kutoka sikio hadi sikio, inchi 4 kurudi nyuma. Akasema ni nzuri kwa anayebana chini, nyuma ya shingo, au anayezirudisha rasta nyuma akaziacha. Kisogo kinabaki kofia, hivyo ukibana juu pamefichuka. Ile ya 13 kwa 6 inakupa njia ndefu zaidi kwenda nyuma, lakini ni lesi zaidi inayobeba, na kama rasta ni nzito usiikimbilie. Fulu lesi naye anaitengeneza, kwa anayetaka mistari ya kusuka ionekane kichwa chote, mfano wigi la twende kilioni au mabutu yaliyopangwa mpaka kisogoni. Hapo haina mbadala, kila njia inaonekana. Lakini anakataa kuiwekea rasta zinazopita mgongo. Nilimsikia akimkatalia mteja mbele yangu, mteja akaondoka amenuna, na fundi akaendelea na sindano yake.

Kuhusu aina ya lesi alikata kauli haraka: ya Uswisi. Si kwamba inatoka Uswisi, ni jina la namna ya wavu. Ni nene kidogo kuliko HD, nyembamba kuliko ile ya Kifaransa, na inavumilia kuvaliwa kila siku. Akanipa vipande viwili niviweke nyuma ya kiganja, HD na Uswisi. Kwa umbali wa kuzungumza na mtu, tofauti niliiona kidogo sana. Kisha akaniambia nivivute kwa vidole gumba. HD ililia. Sikuuliza zaidi.

Rasta alizisuka notilesi, yaani zinaanza na nywele kidogo kisha anaongeza kadiri anavyoshuka, ili pale kwenye lesi pasiwe na bonge. Za ukingoni ni nyembamba kama uzi wa kiatu, za utosini ni nene zaidi. Urefu inchi 24, zinaishia chini ya matiti, na hapo aligoma kuongeza hata nilipomsihi. Nilipolichukua nilikwenda moja kwa moja kwa yule mwenye mchele. Gramu 490. Safari hii alicheka, akasema nimepungua mwili.

Kuna jambo moja nataka nilieleze taratibu kwa sababu lilinifurahisha kuliko mengine. Lesi niliyochagua ilikuwa ile isiyo na rangi, na kwa ngozi yangu mimi, ambayo ni ya maji ya kunde iliyokolea, lesi hiyo inaleta weupe wa majivu, kama mtu aliyesahau kupaka mafuta usoni. Duka moja waliniambia nipake poda. Fundi yeye aliwasha jiko, akachemsha majani ya chai, chai hii yetu ya Rungwe, vijiko vitatu kwenye kikombe kimoja cha maji, bila maziwa wala sukari, mpaka ikawa nyeusi. Akaiacha ipoe hadi vuguvugu, maana rasta za plastiki hazitaki maji ya moto kwenye mizizi, zinalegea na kujikunja. Akazifunga rasta zote kwa mpira nyuma, akatumbukiza ukingo wa lesi peke yake kwenye bakuli. Dakika tano. Akaitoa, akaikausha kwa karatasi laini, akaiweka juu ya kifundo cha mkono wangu, karibu na dirisha.

"Ikiwa mbichi inakudanganya, mama," akasema. "Inaonekana imekolea. Subiri ikauke."

Tukasubiri. Ilipokauka ilikuwa bado imepauka kidogo. Akairudisha dakika tatu. Ya pili ilikuwa yenyewe, siwezi kuonyesha lesi inaishia wapi na mkono wangu unaanzia wapi. Chumba kizima kilinukia chai. Ikipauka baada ya kufua mara kadhaa nairudia mwenyewe nyumbani, nimeshafanya mara mbili. Lesi za rangi ya kahawia zinauzwa pia, ukipata inayolingana na wewe ni kazi ndogo zaidi, ila hakikisha unaijaribu kwenye mwanga wa jua, taa za dukani zinaficha mengi.

Gundi nimeachana nayo. Ndani ya wigi fundi ameshona lastiki pana kutoka sikio hadi sikio kupitia kisogoni, ya kukaza na kulegeza kwa vishikizo. Alinipima kichwa kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko inchi 22 na nusu, halafu kutoka paji la uso hadi kisogoni, halafu sikio hadi sikio kwa juu. Kipimo kikikosewa, lesi nzuri haikusaidii. Kofia ndogo inabana paji la uso na kuivuta lesi, kofia kubwa inahitaji gundi na unarudi kulekule. Nilimuuliza kuhusu vitana vya kushonea, alivitoa vyote mbele na kando. Vinachana lesi, na mimi panja zangu haziwezi kushikwa na kitana. Siku ya harusi napaka mstari mdogo wa jeli katikati ya paji, basi.

Kasoro zipo na nitazisema. Ukiinama karibu kabisa unaona vitone vyeusi kwenye lesi, ni vifundo vya rasta. Kwenye wigi la nywele za binadamu vifundo hivyo hufifishwa kwa dawa ya kung'arisha, lakini kwenye nyuzi za plastiki dawa hiyo haifanyi kazi. Akikuambia mtu kwamba wigi la rasta za plastiki vifundo vyake vimeng'arishwa, muulize kwa dawa gani. Mimi napitisha poda ya rangi yangu kwa brashi ndogo, kwa ndani, na vinapungua sana. Haviishi.

Kingine, fundi ni mmoja na mikono ni miwili. Aliniambia siku saba, nikachukua wigi siku ya 12, na mara mbili nilikwenda bure. Angenipigia simu ningevumilia vizuri zaidi. Bei ni shilingi 210,000, nusu unatanguliza. Kwa mshahara wa tanurini hizo ni hela za kuweka kidogokidogo, na niliziweka miezi mitatu. Tena haliwi la kufua leo ukavaa kesho. Miezi ya baridi linachukua siku mbili kukauka mpaka ndani, na ukilivaa likiwa na unyevu kofia inaanza kunuka uvundo. Usilisogeze kwenye jiko la mkaa ili liwahi, plastiki hiyo inayeyuka. Hata mimi tanurini nafungua mlango nikiwa nimesimama pembeni, na rasta zote ziko ndani ya kofia.

Kofia ngumu ya bodaboda nayo ina utaratibu wake. Navaa kwanza kitambaa cha satini, nashikilia ukingo wa lesi kwa kiganja, ndipo kofia inashuka kutokea mbele kwenda nyuma. Ukiivaa kutoka nyuma inakusukumia lesi kwenye nyusi. Wiki ya kwanza nilikosea kila siku.

Sasa ni mwezi wa 8. Limevaliwa siku sita kwa wiki. Rasta moja ya kisogoni ilichomoka mwezi wa 5, fundi akairudisha kwa sindano ya kulabu nikiwa nimekaa palepale, akachukua shilingi 2,000. Lesi ya mbele haijachanika. Nimeiangalia juzi kwenye mwanga wa dirisha, rasta kwa rasta: matundu bado ni duara, isipokuwa rasta mbili juu ya sikio la kulia, upande ninaolalia nikisinzia kwenye daladala, ambazo zimeanza kuinua hema dogo. Nimemwonyesha. Ameniambia nimletee Jumatatu azipunguze unene kabla wavu haujachoka.

Ukienda kwake, nenda kichwa kimesukwa chini laini ili vipimo visidanganye, na umwambie ukweli kuhusu kazi yako na namna unavyobana. Anafungua saa tatu asubuhi, Jumapili hafungui. Panja la kulia limeanza kuota malaika, za kwangu mwenyewe, na yeye ndiye aliyeziona kwanza.